Mgeni Asiye na Mwenyeji

"Unakwenda kwa nani?" Hilo ndilo swali analoulizwa mtu aliyepanda basi la Mbeya peke yake, na halina ubaya wowote. Jirani wa kiti anauliza kwa sababu kwetu kila safari ina mtu upande wa pili: kuna mgonjwa wa kuangaliwa, kuna msiba, kuna harusi, kuna mtoto anapelekwa shule, kuna shamba la marehemu baba linagawanywa. Hata nauli ya likizo anayolipwa mtumishi wa serikali imezoeleka kuwa nauli ya kwenda kwao. Ukijibu kwamba huendi kwa mtu, unakwenda kupumzika tu, jirani atakutazama mara ya pili, na safari hii kwa huruma. Atadhani umeachika, au umefiwa, au kuna jambo umelikimbia mjini.

Nataka kulitetea jibu hilo. Kwenda likizo peke yako ni ufundi, una vifaa vyake na adabu zake, na mtu huujua kwa kuufanya. Mimi ni mtu wa pwani, na ufundi huo nimejifunzia Iringa na Mbeya, kwenye barabara kuu inayounganisha miji hiyo na kwenye njia za vumbi zinazochepuka kwenda milimani na ziwani. Sijaona darasa bora zaidi ya hilo. Na sikubali kwamba ni jambo la vijana, wala la Wazungu wenye mabegi mgongoni. Ni la yeyote mwenye nauli, pumzi na heshima kwa watu.

Msafiri wa namna hii ni mgeni asiye na mwenyeji, na ugumu wote wa kazi yake umo hapo. Mgeni wa kawaida amebebwa. Akifika kuna wa kumpokea begi, wa kumtambulisha kwa majirani, wa kusema huyu ni mtoto wa fulani. Hata methali zetu zimemwandalia nafasi yake: mgeni njoo mwenyeji apone, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu hana wa kumponya wala wa kumpa jembe. Kila anaposhuka anaanza upya, na anachoanza nacho ni salamu.

Ibn Battuta, ambaye watu wa pwani tunamkumbuka kwa sababu alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alitoka kwao Tanja mwaka 1325 akiwa na miaka 21, hana mwenzi wa safari. Alipoingia Tunis, watu wa mji walitoka kuwalaki wenzao waliokuwamo katika msafara. Wakaamkiana, wakakumbatiana, wakapeana habari. Yeye hakuna aliyemjua, na hakuna aliyemwamkia. Akalia, palepale mbele za watu. Hujaji mmoja akamwona, akamsogelea, akamsalimu, akaendelea kuzungumza naye mpaka walipoingia mjini. Mtu huyo baadaye alizunguka ulimwengu kwa karibu miaka thelathini, akawaona masultani na makadhi wa nchi nyingi, lakini kisa hiki kidogo cha kijana asiyesalimiwa hakukisahau. Mimi nakiona ni kisa chenye maarifa mengi kuliko vingine vyake vyote, kwa anayetaka kujua upweke wa njiani unaanzia wapi na unakomea wapi.

Nyanda za Juu Kusini ni mahali ambapo salamu haijapunguzwa. Iringa, ukimwahi mtu kwa "Kamwene", uso wake unafunguka kabla hujasema unachotafuta. Rungwe, mzee anayeshuka na mkungu wa ndizi atasimama aseme "Ugonile", na ukishukuru kwa "Ndaga" atataka kujua umejifunzia wapi. Hapa umri una kazi yake, na ndiyo maana nasema ufundi huu ni wa kila rika, ingawa kila rika linaufanya kwa namna yake. Kijana wa miaka ishirini anashinda akitoa shikamoo, na kila marahaba anayorudishiwa ni ruhusa ndogo ya kukaa, ya kuuliza njia, ya kupewa kigoda. Mwenye miaka sabini hushinda akiitikia, na vijana wanagombania begi lake. Mwenye kazi ngumu ni yule wa katikati, miaka thelathini na kitu au arobaini. Huyo ndiye anayeulizwa yuko wapi mumeo, yuko wapi mkeo, watoto umemwachia nani. Ajibu kwa utulivu, na asione haya.

Nimewahi kuambiwa kwamba hii ni tabia ya kuiga, kwamba Mwafrika hatembei bila ndugu. Lakini bandari zetu zimejengwa na watu walioshuka chomboni bila ndugu, na Mbeya yenyewe ilianza katika miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa ilipowavuta watu kutoka kila upande, wengi wao wakiwa hawana wanayemjua mbele ya safari. Tofauti ni kwamba wao walifuata mali, nasi tunafuata mapumziko. Sioni kwa nini lile la kwanza liwe heshima na hili la pili liwe aibu.

Njia yenyewe ni nusu ya likizo, kwa hiyo isipitiwe usingizini. Tangu Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kukesha barabarani, na kwa mwenye msiba au mzigo hilo ni jambo la heri. Kwa mwenye likizo ni hasara. Achukue basi la alfajiri pale kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, akae dirishani. Barabara inapasua Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na asubuhi pundamilia, swala na twiga huonekana bila kiingilio. Baada ya hapo joto linazidi, mibuyu inatanda bonde zima kando ya Ruaha Mkuu, na pale Ruaha Mbuyuni vitunguu vinasogezwa mpaka usawa wa madirisha. Halafu Kitonga. Basi linapunguza mwendo nyuma ya malori, dereva anashusha gia, konda aliyekuwa akitania tangu Morogoro ananyamaza, na mazungumzo ya abiria yanapungua kona baada ya kona. Juu, Ilula, nyanya zimepangwa kwenye ndoo, na upepo unaoingia ndani ni wa nchi nyingine. Mtu aliye na wenzake huupita mlima huo akiwa kwenye hadithi. Aliye peke yake anaupanda kweli.

Basi likisimama watu wakachimbe dawa, kuna jambo dogo la kufanya. Fedha na simu viwe mwilini, lakini begi mwachie jirani, umwambie, "Mama, naomba uniangalizie." Ombi hilo linageuza mambo. Sasa kuna mtu anayejua kwamba hujarudi. Dereva akiwasha gari, yeye ndiye atakayepaza sauti.

Wapo wanaopenda reli, nami siwapingi. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, haigusi Iringa mjini, lakini inafika Mbeya kwa njia ya mahandaki na madaraja kati ya Mlimba na Makambako ambayo hakuna basi litakalokuonyesha. Vyumba vya kulala hutenganishwa, wanawake kwao na wanaume kwao, hivyo mwanamke aliyekata tiketi peke yake hulala na wanawake wenzake. Kufikia usiku wa manane watakuwa wamegawana karanga na habari za wakwe.

Sasa gesti. Hapa ndipo anayeanza hutetereka, kwa sababu ya daftari. Kitabu cha wageni huwa kipana, kimepigwa mistari kwa rula na kalamu ya wino: tarehe, jina, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya chumba, saini. Ukitupa jicho kwenye mistari ya juu utaona dereva, mfanyabiashara, mwalimu, mkulima, dereva tena. Watu wote wana kazi iliyowaleta, na kila mmoja ana uendako kwa herufi za haraka: Makambako, Tunduma, Songea. Wewe unafika kwenye safu hiyo kalamu inasita. Usiandike uongo, na usiache wazi. Amua palepale kesho unakwenda wapi, uandike. Nimekuja kuipenda safu hiyo kuliko zote. Mtu wa mapokezi akiisoma anapata la kukuambia, kwamba gari za huko zinaondoka saa ngapi, kwamba daraja limekatika, kwamba dada yake anapika huko. Na kwa anayetembea bila mwenzi, kuna usalama katika mji ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe mahali ambapo mwingine atausoma.

Kabla hujalipa, kagua komeo la mlango kwa ndani. Omba blanketi la pili hata kama mchana ulikuwa wa jua; Iringa mjini pako kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, Mbeya ni zaidi, na mwezi Juni baridi yake inaingia mifupani kwa sisi tuliozoea joto la pwani. Ulizia maji ya moto ya asubuhi. Katika gesti ndogo yanachemshwa jikoni na kuletwa mlangoni kwenye ndoo, mvuke unapanda, kopo la plastiki linaelea juu. Anayeleta atagonga, aseme, "Maji tayari," aondoke. Katika maisha ya watu wazima wengi, hasa akina mama, ni nadra kuchemshiwa maji na mtu mwingine.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, na wanaolibeza hawapaoni. Mama wa miaka hamsini ana majina mengi: mama fulani, shangazi, dada mkubwa, mweka hazina wa kikundi, mtu wa kupigiwa simu. Hata akienda likizo na familia anakwenda kazini, maana ndiye anayejua nani hali pilipili na nani ameacha dawa nyumbani. Baba naye hulipa, hukagua, hukasirika kwa niaba ya wote. Siku tatu za kutoamua chochote isipokuwa njaa yako na usingizi wako si ubinafsi. Hakuna anayepungukiwa.

Kuna pia suala la muda wa kutazama. Kalenga, kilomita chache kutoka Iringa mjini, limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Wajerumani waliivunja ngome yake hapo Oktoba 1894, wakamwinda kwa miaka mingine minne mpaka alipojiua Julai 1898 ili asikamatwe. Kichwa kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza kirudishwe, na bado ilipita zaidi ya miaka thelathini kabla Gavana Edward Twining hajakipata Bremen na kukikabidhi kwa Wahehe mwaka 1954. Ukiwa na kundi, mbele ya kioo hicho utakaa dakika mbili. Mtu atapiga picha, mwingine atasema haya twendeni. Ukiwa peke yako hakuna wa kusema twendeni. Unaweza kusimama mpaka habari uliyoifahamu tangu shule ya msingi iache kuwa jibu la mtihani, iwe kichwa cha mtu. Nilisimama hapo mpaka mhifadhi akaniletea kiti, na tulipoanza kuzungumza hatukuzungumzia vita, tulizungumzia jinsi wazee wanaokuja pale wanavyovua kofia.

Isimila ni hivyohivyo. Ni korongo kavu, kilomita 20 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, lililogunduliwa mwaka 1951 na kuchimbwa miaka ya 1957 na 1958. Zana za mawe za watu waliotutangulia kwa mamia ya maelfu ya miaka zimelala chini, zimeezekewa banda. Chuchumaa uziangalie. Shoka la mkono limechongwa pande zote mbili, kipigo kwa kipigo, makovu yanapishana mpaka ncha; mengine ni makubwa kiasi cha kutaka mikono miwili, na hakuna anayejua kwa hakika yalishikwaje kazini. Mwongozaji akiona huna haraka ataacha maelezo aliyoyakariri, aanze kukuambia anayofikiri mwenyewe. Hiyo ndiyo zawadi ya anayekwenda mmoja: watu hawakuhutubii, wanazungumza nawe.

Kuhusu kula, hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Hatukulelewa kula peke yetu, na hoteli kubwa yenye meza za viti vinne kwa kweli humfanya mtu ajione mpungufu. Basi usiende huko. Nenda kwa mama ntilie, penye benchi moja refu. Mbeya, pale Mwanjelwa au Sokomatola, utapewa wali wa Kyela na maharage, au ndizi za Tukuyu zilizopikwa na nyama, na mboga ya chainizi pembeni. Anayeingia nyuma yako, mwambie "Karibu", kama ulivyofundishwa nyumbani. Atajibu "Starehe", atakaa, na meza imepata watu wawili. Sijawahi kuona benchi la mama ntilie likimwacha mtu mpweke, labda aliyeinamia simu.

Kuna mahali ambapo kwenda peke yako kabisa ni ujinga, na hilo lisemwe bila kuzungusha. Ziwa Ngozi limo ndani ya kreta kwenye milima ya Uporoto, na njia ya kulifikia hupanda ndani ya msitu wenye unyevu na utelezi, halafu ukingoni ardhi inakatika ghafla na maji ya kijani yako mbali chini. Chukua mwongozaji anayejulikana, lipa haki yake, usijaribu kuteremka ziwani. Mlima Rungwe, unaokaribia mita 3,000, nao hauna mzaha. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ukungu hufunga njia kabla ya saa sita mchana. Msichana anayesafiri peke yake ana mzigo ambao kaka yake hana, na wa kulaumiwa si yeye. Afike mjini kabla ya giza, apande bodaboda iliyoitwa na watu wa gesti, na kila jioni ampigie mtu mmoja, si kumi, amwambie alipo. Anayemfuatafuata amkabili kwa sauti ya juu mbele ya akina mama wa sokoni. Nimewaona wakimshughulikia mtu wa namna hiyo, na hakurudi.

Nikiulizwa mahali pa kumalizia safari, nitasema Matema. Kosta inateremka kutoka baridi ya Tukuyu, inapita kwenye chai, inafika joto la Kyela lenye minazi, kakao na mashamba ya mpunga, kisha unatafuta usafiri mwingine hadi kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone. Ng'ambo kidogo, Ikombe, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu wanavyovipamba kwa udongo mweupe na mwekundu, na siku ya soko vyungu hivyo huja kwa mitumbwi, vimepangwa mdomo kwa mdomo. Kaa karibu na mfinyanzi asubuhi moja, ununue kidogo, usiulize sana. Anavyozungusha kidole ndani ya ukingo kuuweka sawa, akiwa anajibu watu watatu kwa lugha mbili, kunatosha kuijaza siku ya likizo.

Mwandishi wa Ireland, Dervla Murphy, aliendesha baiskeli kutoka Kenya hadi Zimbabwe mwaka 1992, akapita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia, akiwa na miaka sitini na bila mwenzi. Kwetu miaka sitini ndiyo umri wa kustaafu kwa lazima, siku ambayo ofisi inakuandalia keki na kukutakia mapumziko mema kijijini. Sikuombi upande baiskeli. Lakini mwalimu mstaafu anayeijua ramani ya nchi hii kwa sababu ameichora ubaoni kwa miaka mingi, asife bila kuiona Kitonga kwa macho yake eti kwa kuwa watoto wana shughuli na mwenzi hayupo tena.

Na aliye kazini bado, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 28 za likizo kwa mwaka. Ukishatoa za kwenda nyumbani, za harusi za ukoo na za kufuatilia kiwanja, tenga nne zilizo zako. Ukitaka maua, uwanda wa Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, huchanua kati ya Novemba na Aprili, na unaufikia kwa njia ya Chimala na Matamba au kwa Isyonje. Ukitaka baridi na anga safi, nenda Juni au Julai. Mwambie mtu mmoja unakokwenda, beba sweta nzito, au ununue ya mtumba Mwanjelwa, na uombe kiti cha dirishani.